Mwenye Nyumba, Mpangaji na Mto Tana

Wahenga walisema kwamba nyumba ya udongo haihimili vishindo. Mtu wa Garsen hana haja ya kufafanuliwa methali hiyo, kwa maana ameiona kwa macho yake. Mto Tana, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, huanza katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, ukapita nchi kavu ya Garissa na Hola, hata ukafika Garsen, ambako bonde hupanuka na maji hutapakaa kabla ya kuingia baharini karibu na Kipini. Mvua kubwa inyeshapo bara, watu wa Garsen hupatwa na mafuriko hata kama mbingu zao wenyewe ni nyeupe. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1961, ndivyo ilivyokuwa wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998, na ndivyo ilivyokuwa tena mwaka 2018, 2023 na 2024.

Garsen ni mji wa njia panda. Barabara itokayo Malindi hugawanyika huko, moja ikaelekea Witu na Lamu, nyingine Hola na Garissa. Wapokomo hulima kandokando ya mto, Waorma na Wawardei huchunga ng'ombe zao. Na kati yao huja walimu, wauguzi, askari, makarani na wafanya biashara ambao kwao ni mbali. Hao hawana budi kupanga nyumba za wenyeji.

Tuseme basi kwamba mwalimu kijana amepanga chumba katika mji huo. Siku ya kuingia alitoa kodi ya mwezi wa kwanza, na juu yake akaweka fedha nyingine ziwe amana mpaka siku ya kuondoka. Miaka mitatu baadaye anapata uhamisho. Chokaa ya ukuta imefifia. Kitasa cha mlango kimevunjika, kwa sababu siku moja alipoteza ufunguo akausukuma mlango kwa bega. Tena ukutani, kiasi cha magoti, upo mstari wa matope ulioachwa na mafuriko, na chini yake udongo umebanduka. Mwenye nyumba anayatazama hayo matatu, anatikisa kichwa, kisha anasema, "Mwalimu, amana yako imekwisha. Haitoshi hata kununua chokaa." Je, ana haki?

Swali hilo si geni. Limeulizwa katika nchi nyingi, na jawabu lake lilifika kwetu kwa safari ndefu. Mwaka 1882 Waingereza waliokuwa wakitawala Uhindi walitunga sheria ya kuhamisha mali, nao walipokuja kuitawala nchi yetu waliileta pamoja na sheria nyingine za Uhindi. Sheria hiyo ilisema kwamba mpangaji aitunze nyumba na kuirudisha katika hali aliyoikuta, ila asidaiwe mabadiliko yaliyoletwa na uchakavu wa kawaida, wala yale yaliyoletwa na nguvu isiyozuilika. Hayo yalikuwa ndiyo masharti ikiwa wawili hao hawakukubaliana vingine, wala desturi ya mahali haikuwa nyingine. Sheria hiyo ya Uhindi ilidumu Kenya hata mwaka 2012.

Huko Uingereza kwenyewe jambo hili liliamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1953, katika kesi ya Warren na Keen. Kuta za nyumba zilikuwa zimeingia unyevu na mbao za madirisha zimeoza. Mwenye nyumba alizitengeneza, kisha akamshtaki mpangaji wake wa kila juma ili amrudishie gharama. Mahakama ilikataa. Jaji Denning alieleza kwamba mpangaji wa namna hiyo anapaswa kuishi kama mpangaji mwema: azibue mfereji wa maji machafu ukiziba, atengeneze mambo madogo ya kila siku, asivunje kitu kwa makusudi wala kwa uzembe. Lakini nyumba ikizeeka kwa sababu ya miaka, uzee huo si deni lake.

Kenya ilipokuwa inapata uhuru, mwaka 1963, ilitungwa sheria ya ardhi iliyosajiliwa, nayo iliongeza jambo la hekima. Ilisema kwamba nyumba iliyo katika hali njema ni ile inayotunzwa kama ambavyo mwenye mali mwenye busara angeitunza, huku tukiangalia umri wake, namna ilivyojengwa na mahali ilipo. Mpangaji hakulazimishwa kuirudisha ikiwa bora kuliko alivyoikuta. Fikirini maana ya maneno hayo kwa nchi ya Tana. Paa la makuti haliwezi kupimwa kwa kipimo cha paa la bati, wala ukuta wa fito na udongo ulio kando ya mto hauwezi kutazamiwa kudumu kama nyumba ya mawe ya Lamu.

Hivyo sheria ilikuwa njema. Walakini sheria njema haitoshi ikiwa fedha zimo mikononi mwa upande mmoja tu, na upande huohuo ndio unaopima hasara. Mfano wake tunao papa hapa Tana River. Jina la Hola wanafunzi wa historia wanalifahamu kwa msiba wa Machi 1959, wafungwa 11 walipopigwa hata wakafa. Mahali hapo palianzishwa mashamba ya kumwagiliwa maji ya mto. Na miaka ya 1980 yakafunguliwa mashamba mengine makubwa zaidi huko Bura. Serikali na wakopeshaji, Benki ya Dunia ikiwa mmojawapo, walikusudia kulima hekta 6,700 za Bura, lakini zilizopatikana ni kama 2,500 tu. Familia zililetwa kutoka sehemu mbalimbali za Kenya, zikapewa mashamba ya pamba na nyumba za kukaa. Kisheria mkulima alikuwa mwenye leseni, ingawa watu walizoea kumwita mpangaji.

Kanuni za mashamba hayo, zilizotolewa mwaka 1977, zilimtaka mkulima aitunze nyumba yake mpaka meneja aridhike. Asiporidhika, meneja aliweza kumwandikia matengenezo ya kufanya na siku za kuyamaliza. Na yasipofanywa, aliweza kuwaleta mafundi na kumdai mkulima gharama. Wakati huohuo gharama za maji, kulima, mbegu na mbolea zilikatwa katika mapato ya pamba kabla mkulima hajapokea fedha yake. Tazameni basi: aliyetoa nyumba, aliyepima hali yake, na aliyezishika fedha za mavuno, wote walikuwa upande mmoja. Huenda meneja akawa mtu mwadilifu kabisa; lakini mkulima alikuwa na nini mkononi cha kuonyesha kwamba ufa ule aliukuta? Mwaka 1989 mto ulibadili njia yake huko Hola, mashine za kuvuta maji zikaachwa pakavu, na kilimo kikasimama. Mto haukujali leseni ya mtu.

Katika mwaka 2012 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Ardhi, na ndani yake jambo hili limeandikwa waziwazi kuliko zamani. Mpangaji hatakiwi kurekebisha uharibifu uliotokana na uchakavu wa kawaida, wala uliotokana na moto, mafuriko au ajali nyingine isiyosababishwa na uzembe wake, wala uliotokana na dhoruba na misiba kama hiyo. Mafuriko yametajwa kwa jina lake.

Sasa na tumrudie mwalimu wetu. Chokaa iliyofifia ni kazi ya miaka mitatu, nayo imekwisha kulipwa kwa kodi ya kila mwezi, maana kodi ndiyo bei ya kuitumia nyumba. Matope ya ukutani ni kazi ya mto, na mto hauna mfuko wa mtu wa kukatwa. Kitasa ni kazi ya bega lake mwenyewe. Hicho alipe, bila kunung'unika, wala asizidishiwe bei. Lakini kama aliona maji yakiingia chini ya ukuta siku nyingi, akanyamaza asimwambie mwenye nyumba, basi naye ana sehemu ya lawama, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye nyumba naye si tajiri siku zote. Huenda chumba kile ndicho karo ya watoto wake, na mpangaji mharibifu humrudisha nyuma mwaka mzima.

Mgogoro wa namna hii hauhitaji kelele mlangoni. Iko Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016, iliyowekwa kwa ajili ya madai ya fedha yasiyozidi shilingi milioni moja, ili mtu wa kawaida asikilizwe upesi. Lakini hakimu naye atauliza swali lilelile: nyumba ilikuwaje siku ya kwanza? Mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ya kuingia, wawili hao na wazunguke chumba pamoja, waandike kila ufa, kila kitasa na kila bati linalovuja, watie sahihi zao mbele ya shahidi, na kila mmoja achukue nakala yake. Stakabadhi ya amana na iwekwe pamoja na karatasi hiyo.

Hatimaye tukumbuke maana ya neno lenyewe. Kilichowekwa amana hakibadiliki kuwa mali ya aliyewekewa. Bado ni cha mwenyewe, na anayekishika ni mtunzaji tu. Akikata kitu humo, yampasa aonyeshe alichokikatia. Nanyi wanafunzi, wengi wenu mtakuwa wapangaji muda si mrefu, na baadhi yenu mtakuwa wenye nyumba. Siku mtakapokabidhiana funguo, ombeni kalamu na karatasi kabla ya kutoa au kupokea fedha.