Buni, Kutoka Bagamoyo Hadi Mwenge

Pale Mwenge, Barabara ya Bagamoyo inapokutana na Sam Nujoma, muuza kahawa hupita akigonganisha vikombe, birika lake limekaa juu ya jiko dogo la mkaa. Kahawa tungu, na kashata kwa anayetaka. Barabara ya Bagamoyo ukiifuata hadi mwisho unafika ilikotua arabika. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, wakapanda mibuni iliyotoka kisiwa cha Réunion; miaka ya 1890 mbegu ikafika misheni ya Kilema, mlimani Kilimanjaro.

Bukoba hawakuwangoja mapadri. Wahaya walikuwa na robusta yao tangu zamani, wakiichemsha na majani yenye harufu, wakaikausha, wakamkaribisha mgeni atafune.

Kilimanjaro, Wachaga waliuingiza mbuni kihambani, yaani shamba la nyumbani, chini ya kivuli cha migomba, wakaulisha samadi ya ng'ombe wa zizini. Walowezi hawakupenda, walitaka Mwafrika azuiwe kulima arabika. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, KNPA, Joseph Merinyo akiwa mbele, na mwaka 1933 kikazaliwa chama cha ushirika, KNCU. Heshima ya kahawa yetu ninaiweka hapo: mkulima alipigania kwanza haki ya kupanda, kisha haki ya kuuza.

Haki hiyo imeyumba mara nyingi. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na vikarudi miaka ya 1980. Mwaka 1989 makubaliano ya dunia ya kugawana soko la kahawa yakavunjika, bei ikaanguka. Ndipo KCU, chama cha ushirika cha Kagera, ikaingia kwenye biashara ya haki, ambamo mnunuzi wa Ulaya hulipa nyongeza juu ya bei. Sehemu ya nyongeza hiyo walinunulia hisa za TANICA, kiwanda cha Bukoba kinachotengeneza Africafe. Kopo la Africafe ukiliona dukani Mwenge, ujue wakulima nao wana fungu lao ndani ya kiwanda. Kwangu hilo linashinda cheti chochote cha ukutani.

Lakini biashara ya haki haimfikii aliyeuza butura. Mwenye shida ya ada au matibabu huuza kahawa ikingali maua, kwa bei ya kutupa, na mavuno yanakuwa ya mlanguzi. Amri ya mwaka 2018 ya kupitisha kahawa yote kwenye vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, ilimlenga mlanguzi huyo. Shida ya fedha kabla ya msimu ilibaki palepale.

Kisha ukaja mzigo mwingine. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria: kahawa inayoingia huko isitoke kwenye msitu uliofyekwa baada ya Desemba 31, 2020, na kila shamba lijulikane lilipo. Mzee wa Kilema ambaye mibuni yake ilipandwa na babu yake naye lazima kihamba chake kipimwe. Sawa, kipimwe. Ila gharama ailipe mnunuzi anayetaka ushahidi huo, isikatwe kimyakimya kwenye malipo ya pili ambayo mzee hupewa na ushirika kahawa ikishauzwa.