Granada ya Siku Mbili

Mtalii anayeshuka Granada Ijumaa jioni huwa tayari na tiketi yenye saa yake. Majumba ya masultani wa Nasr ndani ya Alhambra huingiwa kwa zamu, na aliyepitwa na zamu hubaki nje hata kama ametoka upande wa pili wa dunia. Akishatoka humo atapanda vichochoro vya mtaa wa Albaicín, atasimama uwanja wa San Nicolás kuitazama ngome ikizidi wekundu jua likichwa, atanunua ukumbusho kwenye maduka ya Alcaicería, na Jumapili ataondoka akiamini ameiona kazi ya Waislamu wa Andalusia kama walivyoiacha mwaka 1492. Imani hiyo ndiyo ninayoitilia shaka. Mengi aliyoyaona ni ya karne ya 14 kweli, hilo halina ubishi. Lakini kipi kiachwe na kipi kivunjwe, na kilichoachwa kiwe na sura gani, ni mambo yaliyoamuliwa kwa sehemu kubwa na macho ya watu kama yeye. Granada inayotembelewa leo imechaguliwa na wageni wake.

Tuanze na msafiri tunayemjua. Ibn Battuta alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Kiasi cha miaka 20 baadaye alikuwa Granada. Sultani wa wakati huo, Yusuf wa Kwanza, alikuwa mgonjwa na hawakuonana. Mama wa sultani akampelekea dinari za dhahabu za kumfaa safarini. Anayesoma masimulizi yake akiitafuta Alhambra hataipata. Atapata mto, mashamba na mabustani yaliyouzunguka mji, atapata makadhi na wanazuoni, na masufi waliotoka Samarkand, Tabriz na India wakaamua kubaki huko. Katika bustani moja ya mji huo ndimo alimokutana na Ibn Juzayy, mwandishi kijana wa Granada, ambaye baadaye huko Fez ndiye aliyeyatia masimulizi yale kwenye karatasi, kazi iliyokamilika mwaka 1355. Kwa hiyo kila mwanahistoria wa pwani yetu anayemnukuu Ibn Battuta juu ya Kilwa ananukuu kalamu ya mtu wa Granada. Kinachonishughulisha hapa, lakini, ni ule ukimya kuhusu jumba. Ua wa Simba ulikuwa haujajengwa. Ulikuja kujengwa na Muhammad wa Tano, mwana wa Yusuf. Hata hivyo kuta na minara ilikuwepo, tena juu ya kilima, inaonekana na kila aliyepita mjini. Kwa mgeni wa zama hizo jumba la mfalme lilikuwa nyumba ya mtu: umekaribishwa au hukukaribishwa. Ukiacha mahali pa ibada, kufunga safari ili ukatazame jengo tu, kisha urudi kwenu, hakukuwa desturi ya watu.

Wapo watakaosema kwamba Alhambra iliokolewa na wafalme walioiteka, karne tatu kabla ya mtalii wa kwanza. Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa. Tarehe 2 Januari 1492, Isabel na Fernando walipokabidhiwa funguo na Abu Abdallah, ambaye Wahispania humwita Boabdil, hawakulibomoa jumba lake. Walilifanya makazi yao ya kifalme, wakatenga fedha za matengenezo, na baadhi ya mafundi waliokarabati lipu na mbao walikuwa Wamorisko, yaani Waislamu waliobatizwa kwa shuruti. Mjukuu wao, Carlos wa Tano, alikuja fungate mwaka 1526, na mwaka uliofuata Pedro Machuca akaanza kumjengea jumba jipya la mtindo wa Italia ubavuni mwa lile la zamani. Lakini mfalme huitunza nyumba anayoilala. Msikiti mkuu wa ngomeni haukuwa na wa kuulala, ukavunjwa, na juu yake likasimama kanisa la Santa María. Hata hilo jumba la Carlos halikupata kukaliwa. Lilikaa bila paa hadi karne ya 20. Safari za wafalme zilipokoma, kilima kikabaki kwa walinzi, wafungwa na familia maskini zilizojibanza kwenye vyumba vya masultani. Wanajeshi wa Napoleon walioishika ngome tangu 1810 waliondoka mwaka 1812 wakilipua minara kadhaa kwa baruti. Umiliki wa kifalme ulikuwa bado upo kwenye hati. Haukuzuia kitu.

Kilichofuata kinaonekana vizuri zaidi katika kitabu kimoja kuliko katika amri yoyote ya serikali. Mwaka 1829 mwandishi wa Kimarekani Washington Irving aliruhusiwa kukaa ndani ya Alhambra kwa miezi kadhaa, na mwaka huohuo rafiki yake, mwana wa kifalme wa Kirusi aitwaye Dolgorukov, akatoa zawadi ya kitabu kitupu cha wageni kutia saini. Sababu ya zawadi hiyo ni ya aibu kidogo: waliokuja kabla yao walikuwa wakichonga majina yao kwenye lipu ya nakshi. Kitabu kiliwekwa ili mkono wa mgeni upate pa kuandika pasipokuwa ukutani. Hapo ndipo ninapoona utalii wa Granada ukizaliwa na tabia zake zote mbili, ule mkono unaokwangua na ule unaojaribu kuuzuia, na yote miwili ni mikono ya wageni. Mwaka 1832 Irving akachapisha hadithi zake za Alhambra, zikasomwa Ulaya na Marekani, na kijana maskini aliyekuwa akimtembeza ngomeni, Mateo Ximenez, akageuka mwongoza watalii anayetafutwa kwa jina, kwa kuwa alikuwa mmoja wa wahusika. Nyumba iliyokuwa mzigo kwa mwenyewe sasa ilianza kulisha watu.

Kinacholisha watu hutengenezwa kimpendeze mlaji. Kando ya Ua wa Simba kuna ukumbi unaoitwa wa Abencerrajes, na katikati ya sakafu yake kuna beseni la marumaru lenye madoa mekundu yanayokaribia rangi ya kahawia. Waongozaji wamezoea kusema hiyo ni damu: kwamba sultani aliwaalika mashujaa wa ukoo huo karamuni akawachinja mmoja mmoja juu ya beseni. Madoa ni ya chuma kilichomo majini, kutu ya kawaida. Chateaubriand, aliyepita hapo mwaka 1807, alichapisha mwaka 1826 riwaya fupi juu ya mtu wa mwisho wa ukoo huo, na tangu hapo nani angethubutu kumwambia msomaji wake kwamba ni kutu? Ukweli ni kwamba wageni wa karne ya 19 hawakuja kutafuta masultani waliopima maji na kukusanya kodi. Walikuja kutafuta mapenzi, damu na machozi, wakavipata.

Jengo lenyewe nalo likaanza kufuata ndoto hiyo. Mwaka 1834 Mwingereza Owen Jones na Mfaransa Jules Goury walikuja kupima na kuchora kila pembe. Goury alikufa kwa kipindupindu hukohuko Granada, na Jones akamalizia michoro peke yake, akaichapisha kwa rangi, na mwaka 1854 akajenga kule Sydenham, London, nakala ya Ua wa Simba ndani ya jumba la maonyesho la Crystal Palace. Waingereza wengi waliiona Alhambra ya London kabla ya ile yenyewe. Huko Granada, Rafael Contreras, aliyekuwa msimamizi wa matengenezo tangu 1847 na ambaye karakana yake iliuza vipande vidogo vya mfano wa kuta hizo, alikiwekea kibanda cha mashariki cha Ua wa Simba kuba ya vigae vya rangi mwaka 1859. Kuba ya namna hiyo haikuwahi kuwepo pale. Ilikuwepo kwenye mawazo ya watu kuhusu Mashariki, na ilitoka vizuri sana kwenye picha. Ilidumu miaka 75, hadi Leopoldo Torres Balbás, msanifu wa Alhambra tangu 1923, alipoishusha mwaka 1934 na kurudisha paa la kawaida la vigae, huku wenyeji wengine wakimlaani kwa kuwaharibia Alhambra yao. Wala hadithi haikuishia hapo: sakafu ya marumaru nyeupe anayoiona mtalii wa leo katika ua huo iliwekwa hivi karibuni, ikafunguliwa mwaka 2012, kabla yake palikuwa na changarawe, na kabla ya changarawe palipandwa maua.

Je, basi Alhambra ni ya kughushi? Sidhani, na wanaokimbilia neno hilo hawaijui kazi ya jasi. Nakshi nyingi za kuta hizo zilimiminwa kwenye kalibu na mafundi wa masultani wenyewe, kipande kimoja kikirudiwa mara nyingi, pamoja na ile kauli ya Wanasr isemayo kwamba hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu, ambayo macho yanaikuta kila yanapotua. Lipu ya namna hiyo huishi kwa kurudiwa. Fundi wa 1370 asingeshangaa kumwona fundi wa 1870 akimimina upya kipande kilichovunjika. Angeshangaa kuona watu wanalipa kuja kukitazama.

Ushahidi mzito zaidi wa hoja yangu hauko kilimani, uko chini, na hauonekani. Muhammad wa Tano, aliyejenga Ua wa Simba, alijenga pia kati ya 1365 na 1367 hospitali ya mji, Maristan, iliyolaza hasa wagonjwa wa akili. Mfalme ni yule yule na zama ni zile zile. Maristan ilibomolewa mwaka 1843, wakati ambapo huko London michoro ya Owen Jones ilikuwa ikitoka mtamboni. Mwaka huohuo moto uliiteketeza Alcaicería, soko la zamani la hariri. Lililojengwa badala yake ni dogo zaidi, lenye matao ya kuigiza, na ndilo linalouza vikumbusho leo. Mwaka 1895 ikaanza kupasuliwa Gran Vía katikati ya mji wa kale kwa fedha ya viazisukari vilivyokuwa vikistawi katika bonde la Granada. Mamia ya nyumba yalikwenda, na wakazi wakaibandika jina la barabara ya sukari. Kwa nini kilima kiliheshimiwa hadi kikatangazwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1870, na mji wa chini ukapigwa sururu? Tofauti ya umri haikuwepo, na wala thamani ya kihistoria ya hospitali ya karne ya 14 si ndogo. Hospitali haikuwa na Irving wake.

Kuna mfano mmoja unaonipa taabu, nao ni Corral del Carbón, nyumba ya kulala wafanyabiashara ya karne ya 14 iliyoko mjini chini na bado imesimama. Haikuokolewa na mtalii. Iliokolewa na makaa: ilitumika kama ghala la makaa, ikawa ukumbi wa michezo ya kuigiza, ikawa makazi ya wapangaji wengi. Matumizi, basi, huhifadhi pia, tena bila kelele. Ndivyo yalivyohifadhi hata maneno: Mhispania husema azúcar, fulano na hasta bila kujali yametoka kwa nani, kama nasi tusemavyo sukari, fulani na hata. Nakubali. Ila tazama kilichotokea matumizi yalipochoka na jengo likawa karibu ya kuanguka: serikali ililinunua mwaka 1933, na aliyelipigania ni Torres Balbás, mtu ambaye cheo chake kilikuwepo kwa sababu kilimani palikuwa na jumba linalotazamwa na dunia.

Malalamiko mengine ni ya leo. Alhambra hupokea zaidi ya watu milioni 2 kwa mwaka, na Albaicín, uliotambuliwa na UNESCO mwaka 1994, miaka 10 baada ya Alhambra na bustani zake za Generalife, unazidi kuwa mtaa wa vyumba vya kupangisha kwa usiku mbili tatu. Mkazi anayepandishiwa kodi hana sababu ya kumshukuru mgeni, na simwombi amshukuru. Lakini lawama hiyo haiipingi hoja yangu, inaikamilisha: jicho lililochagua majengo sasa limeanza kuchagua na wakazi. Upande mwingine, mtaa huohuo ulipata mwaka 2003 msikiti mpya, jirani kabisa na uwanja wa San Nicolás. Wanaokwenda kupiga picha jua likichwa humpita mtu anayetia udhu kwa ajili ya Magharibi, na wengi hawageuki, kwa kuwa Granada ya Waislamu waliyoijia iko ng'ambo, juu ya kilima.

Mwenye siku mbili asiache kwenda kilimani. Akiwa huko awatafute simba wawili wa marumaru waliokuwa wakimimina maji kwenye bwawa la Maristan. Hospitali ilipobomolewa wao walinusurika. Walipelekwa Alhambra, wakawekwa kando ya bwawa la Partal, mahali watalii wanapopita, wakapigwa picha kwa miaka mingi. Leo wako katika Makumbusho ya Alhambra, ghorofa ya chini ya jumba la Carlos wa Tano. Hawatoi maji tena.