Kufungwa Mechi ya Saba: Somo la Karatu kwa Shabiki wa Kikapu

Jumatatu ya tarehe 23 Juni 2025, saa tisa usiku. Juni pale Karatu ni baridi ya kuvaa koti ndani ya nyumba, na barabara inayopanda kwenda geti la Lodoare, lango la Ngorongoro, bado haina gari. Sasa mchukue kijana mmoja, dereva wa watalii, wa aina ambayo Karatu inao wengi. Kazi inamsubiri alfajiri, lakini hajalala. Kajifunika blanketi, bando kaweka tangu jana, simu iko kwenye chaja. Anaangalia mechi ya saba ya fainali za NBA, Indiana Pacers na Oklahoma City Thunder.

Yeye ni Pacers. Na hapo ndipo masela zake wanapomshangaa. Mtanzania utaishabikiaje Indiana wakati upande wa pili ni timu aliyochezea Hasheem Thabeet? Hoja yao ina uzito. Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam mwenye urefu wa futi 7 na inchi 3, alichaguliwa na Memphis Grizzlies akiwa namba 2 kwenye drafti ya 2009. Namba 3 alikuwa James Harden, namba 7 Stephen Curry. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, na kati ya 2012 na 2014 alivaa jezi ya Thunder. Vijana wengi wa Bongo walianza kuifuatilia timu hiyo kipindi hicho na hawajaiacha mpaka leo.

Lakini moyo wa shabiki hauna uraia. Pacers walimteka na mechi ya kwanza ya fainali hizo. Walikuwa nyuma karibu mechi nzima, halafu Tyrese Haliburton akatupia mpira zikiwa zimebaki sekunde 0.3. Mwisho wa ubao, 111-110. Mfululizo ukaenda hivyo hivyo kwa kuvutana hadi ikawa tatu kwa tatu. Pacers hawajawahi kubeba ubingwa wa NBA. Mara ya mwisho kufika fainali ilikuwa 2000, wakapigwa na Lakers mechi nne kwa mbili. Kwa hiyo usiku ule ilikuwa ni miaka 25 ya kusubiri, imewekwa kwenye dakika 48.

Haliburton aliingia na maumivu ya msuli wa mguu. Angeweza kukaa nje, akachagua kucheza. Robo ya kwanza tu, mitupo mitatu ya pointi tatu imeingia. Halafu akaanza kukimbia na mpira, mguu ukagoma, akadondoka akipiga sakafu kwa mkono. Mshipa wa nyuma ya kisigino umekatika. Wenzake walipambana, wakaenda mapumziko wakiongoza 48-47, lakini robo ya tatu Thunder wakafungua bomba. Mwisho 103-91, kombe likaenda Oklahoma City.

Pale Karatu ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili asubuhi. Jogoo wanawika, kundi la WhatsApp linawaka kwa kejeli, na dereva wetu anatakiwa akachukue wageni.

Hapa ndipo watu wasiofuatilia michezo wanaposhindwa kuelewa. Wanasema, wewe hujacheza, hujalipwa, Indiana hujawahi kufika, unaumia nini? Swali zuri, ila jibu lake liko hapo hapo mtaani kwao. Mji ule una historia yake ya kuumia kwa ajili ya mtu anayekimbia mbali na nyumbani.

Tarehe 23 Juni, siku ile ile Pacers walipofungwa kwa saa za kwetu, ni siku ya kuzaliwa ya Filbert Bayi. Alizaliwa Karatu mwaka 1953. Kama jina hilo unalisikia kwenye majina ya shule tu, tulia kidogo.

Tarehe 2 Februari 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, New Zealand, Bayi aliingia fainali ya mita 1500. Wakimbiaji wengi wa mbio hizo hujificha kwenye kundi wakisubiri mzunguko wa mwisho. Yeye akatoka mbele tangu mlio wa bastola, akawaacha wote, na hakushikwa. Dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Aliyekuwa wa pili, John Walker wa New Zealand mwenyewe, naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani na bado akapoteza. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Mei 1975, Bayi akavunja na rekodi ya maili moja huko Kingston, Jamaica. Agosti ile ile Walker akaichukua.

Dunia nzima ikawa inasubiri Montreal 1976, Bayi na Walker uso kwa uso kwenye Olimpiki. Hiyo ndiyo ilikuwa mechi ya saba ya enzi hizo, na haikuchezwa. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, nchi nyingi za Afrika zikagomea Olimpiki, Tanzania ikiwemo. Walker akachukua dhahabu. Bayi hakukimbia.

Ukweli usemwe, mgomo ule haukuwa upuuzi. Kuna watu walikuwa wanauawa Soweto mwezi mmoja tu kabla ya michezo hiyo. Lakini bili ya msimamo wa nchi ilimwangukia mwanariadha aliyekuwa na miaka 23, kwenye ubora wake.

Miaka minne baadaye, Moscow 1980, alirudi kwa mbio nyingine, mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Staili ile ile ya kwenda mbele na kuwaacha. Safari hii mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland akamfikia na kumpita. Bayi akamaliza wa pili kwa dakika 8 na sekunde 12.5, medali ya fedha. Suleiman Nyambui naye akapata fedha ya mita 5000 kwenye michezo hiyo hiyo. Hadi Olimpiki ya Paris 2024, hizo mbili ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata.

Ukizitazama vizuri, zote mbili ni za mtu aliyepitwa na mmoja. Hazina yote ya Olimpiki ya nchi hii imetokana na kushindwa fainali, na hakuna anayezionea aibu.

Kwa hiyo kuna kushindwa kwa aina mbili. Kuna kule kwa Montreal, ambako hutajua kamwe ingekuwaje, na swali linabaki hata mtu akifikisha miaka 72. Na kuna kule kwa Moscow, ambako ulikuwepo, ukaongoza, ukapitwa, na kila mtu aliona. La pili linauma usiku ule. La kwanza haliishi.

Haliburton alijua mguu wake unauma. Angekaa benchi, leo shabiki wake angekuwa na swali la Montreal kichwani. Badala yake ana picha ya robo moja ya moto, halafu mtu kadondoka akiwa kazini. Pacers walitangaza kwamba hatacheza msimu mzima wa 2025/26. Hiyo ni gharama kubwa, na shabiki ana haki ya kununa.

Dereva wetu atanuna mpaka getini. Halafu ukungu wa ukingoni mwa kreta utafunguka, mgeni atauliza kama leo wataona faru, na siku itaanza. Kundi la WhatsApp linaweza kusubiri. Jezi ya Pacers ataivaa tena Oktoba.

Wewe je, timu yako ilikuumiza wapi zaidi, Montreal au Moscow? Dondosha jibu hapo chini.