Bastola Ndogo ya Mfukoni: Mambo ya Kuzingatia Wakati wa Kuichagua

Nchini Marekani, bastola ndogo inayobebwa mfukoni bila kuonekana ina historia ndefu. Rais Abraham Lincoln alipigwa risasi tarehe 14 Aprili 1865 kwa bastola ya namna hiyo, iliyobuniwa na fundi Henry Deringer wa Philadelphia.

Leo mnunuzi huchagua kati ya aina kuu mbili. Ya kwanza ni rivolva fupi, mfano Chiefs Special ya Smith & Wesson iliyotoka mwaka 1950, yenye nafasi ya risasi 5. Ya pili ni bastola ya magazini, mfano Ruger LCP ya mwaka 2008, iliyo nyembamba na nyepesi.

Wepesi huo una gharama. Silaha nyepesi husukuma mkono kwa nguvu inapofyatuliwa, na mtutu mfupi huzidisha ugumu wa kulenga. Hivyo, iliyo rahisi kubeba mara nyingi huwa ngumu kutumia. Inayofaa ni ile ambayo mwenyewe ameimudu katika mazoezi.

Usalama hutangulia yote. Bastola hukaa katika ala inayofunika kifyatulio, na mfuko huo hautiwi funguo wala sarafu, kwani kitu kidogo chaweza kukigusa kifyatulio na kuleta maafa. Nyumbani hufungiwa mbali na watoto.

Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitambua haki ya kubeba bastola hadharani kwa kujilinda. Hata hivyo, masharti ya kibali hutofautiana baina ya majimbo, na msafiri hupaswa kuijua sheria ya aendako.