Mpaka Ulioletwa Nyumbani

Kuna fomu mpya inakuja, na safari hii si yetu. Umoja wa Ulaya umepanga kwamba kuanzia robo ya mwisho ya 2026, Mmarekani, Mwingereza, Mjapani au Mbrazili anayetaka kutembea Paris au Roma siku mbili tatu atalazimika kuomba ruhusa mtandaoni kabla ya kupanda ndege. Mfumo unaitwa ETIAS. Unawahusu raia wa nchi karibu 60 ambao hadi sasa wameingia Ulaya kwa kuonyesha pasipoti tu. Ada ni yuro 20, ila aliye chini ya miaka 18 au aliyepita 70 halipi. Ukikubaliwa, ruhusa inadumu miaka 3, au hadi pasipoti yako iishe muda.

Sisi Wakenya hatumo. Barani Afrika, ni raia wa Mauritius na Ushelisheli pekee walio kwenye orodha hiyo. Wengine tunaendelea na viza kama kawaida: yuro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hurudishiwi kitu. Ndiyo maana nilipoona watu wa nchi tajiri wakilalamika kwamba eti wataulizwa maswali kabla ya likizo, nilicheka kwanza. Karibuni kwenye foleni, jamani.

Kicheko kilipoisha swali likabaki. Ni lini binadamu alianza kuombeshwa ruhusa akiwa bado kwake, kabla hata hajakanyaga ardhi ya mwenyewe? Nimelifuata swali hilo kwa miezi kadhaa, na nimegundua kwamba huwezi kulijibu kwa kuangalia Ulaya peke yake. Lazima upite Nairobi.

Tuanze 1914. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, sehemu kubwa ya Ulaya Magharibi mtu alivuka mpaka bila karatasi yoyote. Urusi na milki ya Waturuki zilidai pasipoti, lakini hizo zilionekana nchi za kizamani. Mwandishi wa Austria, Stefan Zweig, alikumbuka uzeeni kwamba aliwahi kusafiri hadi India na Marekani bila pasipoti. Vita vikaja, kila serikali ikaogopa majasusi, pasipoti zikawa lazima. Vita vilipoisha, Shirikisho la Mataifa liliitisha mkutano Paris, Oktoba 1920, kujadili kero hii. Walikubaliana kijitabu cha kurasa 32 kitakachofanana kila mahali. Wengi walidhani ni jambo la muda, mambo yakitulia litaondolewa. Muda huo sasa umepita miaka 100.

Mwaka huo huo wa 1920, nchi yetu iliacha kuitwa Himaya ya Afrika Mashariki ikawa Koloni la Kenya. Na ni katika miezi hiyo ambapo Mwafrika wa hapa alianza kuvishwa kipande. Sheria yenyewe ilikuwa imepitishwa 1915, vita vikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa kati ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kusajiliwa, apigwe alama za vidole, apewe cheti chenye jina lake, kabila lake, mwajiri wake, mshahara wake, siku aliyoanza kazi na siku aliyoachiliwa. Cheti kilikaa ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi.

Kikopo hicho ndicho tunachokumbuka sana kwa sababu kinaonekana kwenye picha. Lakini nguvu ya kipande ilikuwa kwenye saini. Mtu hangeweza kuacha kazi mpaka mwajiri aandike kwamba amemwachilia. Akiondoka bila saini ni mtoro, na alama zake za vidole ziko Nairobi zikisubiri kumtambulisha. Polisi akikukuta barabarani huna kipande, ni faini au jela. Yaani mpaka haukuwa Namanga wala Busia. Ulikuwa kwenye lango la shamba ulilolala jana, na ufunguo alikuwa nao mtu mmoja mwenye kalamu.

Watu hawakukaa kimya. Kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara ndivyo vilivyompa Harry Thuku sauti. Alipokamatwa Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi tarehe 16. Mary Muthoni Nyanjiru akawakejeli wanaume waliokuwa wakisitasita, umati ukasonga mbele, polisi wakafyatua risasi. Hesabu ya serikali ilisema wamekufa watu 21, na walioshuhudia wakasema ni zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwao.

Kuna sehemu ya hadithi hii ambayo hatuisimulii sana, nami naipenda kuliko zote. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria mpya ya kusajili watu wa rangi zote, Mzungu na Mhindi wakiwemo. Ilipofika wakati wa alama za vidole, walowezi walipandwa na hasira. Wao, wapigwe vidole kama wahalifu? Kama maboi wao? Kelele zilikuwa nyingi hadi ikaundwa tume chini ya Bertrand Glancy, na mwaka 1950 ikapendekeza njia ya pili: anayeweza kujaza fomu atoe picha na saini, vidole aviache. Kwa karibu miaka 30 wino huo haukuwa aibu kwa yeyote mwenye sauti serikalini. Ulianza kuwa aibu siku ulipofika kwenye vidole vyeupe.

Sasa linganisha na leo. Mkenya anayeomba viza ya Schengen hutoa alama za vidole vyote 10, na zinahifadhiwa kwenye hifadhidata kwa karibu miaka 5. Hatujasikia magazeti ya Ulaya yakililia hilo. Lakini tangu Oktoba 12, 2025, mfumo mwingine wa mpakani ulipoanza kuchukua vidole 4 na picha ya uso ya wageni wasiohitaji viza, foleni za viwanja vya ndege zimekuwa habari kubwa. Walowezi wa 1949 wangeielewa vizuri sana hasira hiyo.

Kutoka kipande hadi fomu ya mtandaoni kuna daraja moja muhimu, nalo pia limejengwa hapa kwetu. Uhuru ulipokuja 1963, Wahindi wengi wa Kenya walibaki na pasipoti za Uingereza. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na leseni za biashara zilizowabana wasio raia, wakaanza kuondoka kwenda London, nchi ambayo pasipoti yao ilisema ni yao. Uingereza ikaingiwa na hofu. Waziri wa Mambo ya Ndani, James Callaghan, alipeleka mswada bungeni, ukapita kwa siku chache tu, na tarehe 1 Machi 1968 ukawa sheria. Kuanzia hapo pasipoti ya Uingereza haikutosha kama wewe, mzazi wako au babu yako hakuzaliwa, kuasiliwa au kuandikishwa uraia kule. Ulihitaji kwanza vocha, na vocha zilikuwa 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Ukae Nairobi usubiri. Mwaka 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona kwamba kuwabagua watu hao kwa rangi kulifikia kuwadhalilisha.

Tazama kilichotokea hapo. Raia mwenye pasipoti halali aliambiwa asubiri kibali kabla ya kuondoka, na bahari nzima iko katikati. Mpaka wa Uingereza ulikuwa umehamia Ngara na Parklands.

Baada ya hapo ikabaki kutafuta wa kuulinda. Mwaka 1987 Uingereza iliamua kwamba shirika la ndege linalomleta abiria asiye na hati litatozwa faini, pauni 1,000 kwa kila mmoja. Mkataba wa kutekeleza Schengen wa 1990 ukaweka wajibu kama huo kwa nchi za Ulaya. Ndiyo maana leo kijana wa kaunta pale JKIA anaikagua viza yako kwa makini kuliko ofisa yeyote, na si kwa ubaya. Akikosea, kampuni yake italipa. Kisha kompyuta zikaingia. Australia ilianza ruhusa ya kielektroniki 1996. Marekani, baada ya mashambulizi ya 2001, ilitunga sheria 2007 na mfumo wake, ESTA, ukawa lazima Januari 2009. Ulaya ikapitisha sheria ya ETIAS mwaka 2018, na imekuwa ikiahirisha kuanza tangu wakati huo.

Na sisi je? Rais alitangaza Jamhuri Dei ya 2023 kwamba Kenya inaondoa viza kwa dunia nzima. Ikafika Januari 2024, kumbe mahali pa viza pamewekwa ruhusa ya mtandaoni ya dola 30, na hata raia wa nchi kadhaa za Kiafrika waliokuwa wakiingia bure wakajikuta wanajaza fomu. Ilichukua hadi 2025 kuwaondolea mzigo huo Waafrika walio wengi, isipokuwa wa Somalia na Libya. Kwa hiyo tusijifanye watakatifu. Anayepewa mamlaka ya kuuliza huwa hajinyimi maswali.

Haya mambo nayajua pia kwa mikono yangu. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhinda, na kabla sijaanza kulipwa kwa kuandika nilikaa kwenye saiba moja Roysambu nikiwajazia watu fomu: za KRA, za HELB, za kazi za Ghuba, za viza. Mama mmoja alikuwa anaenda kumwona mjukuu Ujerumani. Aliniuliza mbona wanataka kujua ana pesa ngapi benki, kwani anaenda kununua mtoto? Sikuwa na jibu.

Mwaka jana zamu ikawa yangu. Nilialikwa warsha ya uandishi ya wiki mbili katika nchi moja ya Ulaya, tiketi na malazi juu yao. Orodha ya stakabadhi ikasema: barua ya mwajiri inayothibitisha kazi, mshahara na ruhusa ya likizo. Mimi sina mwajiri. Nina wahariri watano wanaolipa wanapokumbuka. Nikapeleka mikataba, taarifa za benki na za M-Pesa za miezi 6, makala zenyewe. Ubalozi ukanirudishia fomu yenye visanduku, kimoja kimetiwa alama: kuna shaka ya msingi kwamba nitaondoka kabla ya viza kwisha. Kisanduku hicho Wakenya wengi wanakifahamu.

Sisemi viza ni kipande. Hakuna aliyenipiga kiboko, sikutupwa jela, na nchi yoyote ina haki ya kujua anayeingia. Kijana wa 1920 aliyekimbia shamba la mkonge Thika angenishangaa nikijilinganisha naye. Ninachosema ni kwamba swali ni lile lile: nani amekutilia saini? Bila mtu mwenye mshahara wa kukupa, maneno yako mwenyewe kuhusu maisha yako hayana uzito.

Na hapa ndipo ninapoacha kumcheka Mmarekani na fomu yake. ETIAS itamuuliza, pamoja na mengine, kiwango cha elimu na kazi anayofanya. Sheria yenyewe inaruhusu mfumo kupanga viashiria vya hatari kwa kuangalia rika, jinsia, uraia, mji anaoishi, elimu na kazi. Wengi watajibiwa kwa dakika chache. Wachache watasubiri siku kadhaa, huku majina yao yakipitiwa na watu. Atakayenyimwa ataelezwa sababu na ana haki ya kukata rufaa, na hilo ni jambo jema. Lakini nawaza kijana wa Brazil, aliyeacha chuo kama mimi, anayeishi mtaa wenye sifa mbaya, anayeandika "kazi zangu mwenyewe" kwenye kisanduku cha kazi. Pasipoti yake ni bora kuliko yangu. Kwenye mizani ile huenda tukasimama pamoja.

Tofauti ya yuro 20 na yuro 90 ni kubwa, na itaendelea kuwepo. Ila njia ni moja. Kilichojaribiwa kwa wasio na sauti kinasafishwa, kinapewa programu na rangi nzuri, kisha kinapelekwa kwa wengine. Ndiyo maana ingekuwa vyema wanaolalamika sasa wasiombe njia yao ya pembeni, kama walowezi walivyoombewa na tume ya Glancy. Waulize nani anaisoma fomu, kwa vigezo gani, na aliyekataliwa anajibu wapi. Wakiuliza hayo kwa ajili ya kila mtu, na sisi tutakuwa tumeulizwa.

Hapa nyumbani, kikopo cha chuma kimebaki makumbusho. Lakini polisi akikusimamisha usiku Githurai, mara nyingi hasemi kitambulisho. Anasema, "Toa kipande." Na sote tunajua ni nini anachotaka.