Mkono Huu Urudi Kufanya Nini?

Bomet ukisema unaenda kwa fizio, utaulizwa, "Kwa yule wa kukanda?" Ukisema unaenda tibakazi, hapo umempoteza kila mtu. Daktari tunamjua, nesi tunamjua. Lakini huyu anayekaa na mgonjwa wiki baada ya wiki akimfundisha kusimama tena, hatujampa jina. Mtaani anabaki "daktari wa mazoezi," na wengine wanamwona mtu wa masaji tu aliyevaa koti jeupe.

Hilo neno masaji limewasumbua kwa muda mrefu. Mwaka wa 1894, jarida la madaktari wa Uingereza lilianika nyumba za masaji ambazo kumbe zilikuwa madanguro. Wauguzi wanne, Rosalind Paget akiwa mmoja wao, wakaunda chama ili kulisafisha jina la kazi yao. Masharti yalikuwa makali: hukandi mtu bila agizo la daktari, hujitangazi ovyo, na wanaume huwakandi hivi hivi. Heshima waliipata, na mwaka wa 1920 chama kikapewa hati ya mfalme. Lakini bei yake ilikuwa kusimama nyuma ya daktari na kungoja kuambiwa. Uingereza ilikuja kuwatambua rasmi kama watu wanaoweza kuamua matibabu wenyewe mwaka wa 1977.

Kilichoikuza kazi yenyewe ni Vita vya Kwanza vya Dunia. Majeruhi walikuwa wengi, na serikali zilitaka wanaume warudi vitani au kazini. Marekani iliingia vitani mwaka wa 1917, na mwaka huo huo tibakazi ikapata chama chake cha kwanza huko. Ukiangalia vizuri, kwa askari wengi swali lilikuwa limeshajibiwa kabla hawajafika kwa mtaalamu. Mwili unatengenezwa ili utumike tena.

Sisi watu wa chai hilo tunalielewa. Kampuni kubwa zilianza kupanda chai upande wa Kericho miaka ya 1920, kwenye nchi ya Wakipsigis, na leo Bomet ina mashamba makubwa na maelfu ya wakulima wadogo. Kuchuma chai ni mgongo, mabega na vidole. Sasa mgongo ukigoma, fizio anautibu ili urudi wapi? Kama jibu ni kikapuni tu, basi yeye ni fundi wa gereji, na mchumaji ni gari la mtu mwingine.

Shangazi yangu alipopata kiharusi, kijana wa tibakazi hakuanza na mkono wake. Alimuuliza, "Mama, asubuhi ukiamka ulikuwa unafanya nini?" Shangazi akasema alikuwa anaosha sotet, kile kibuyu cha mursik. Basi safari iliyofuata tukabeba sotet na sosiot, kijiti cha kusugulia ndani. Mkono dhaifu ulishika kibuyu, ule mzima ukasugua. Baada ya wiki kadhaa, akambadilishia mikono. Ungepita pale ungedhani ni kazi za jikoni, lakini yule kijana alikuwa anaangalia kila kidole kinavyokunjika, na bega linavyojaribu kudanganya.

Mwaka wa 2014 Kenya ilipata sheria mbili, moja ya fiziotherapia na nyingine ya tibakazi, kila moja na baraza lake la kusajili na kutoa leseni. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo karatasi hazinibabaishi haraka. Ila hizi naziheshimu, kwa sababu zinamlinda mgonjwa asivutwe shingo na yeyote aliyejipa cheo. Pia zinaiambia hospitali kwamba huyu si msaidizi wa mtu.

Lakini leseni haiwezi kumwambia mtaalamu mwili unarudi kufanya nini. Hilo anapaswa kumuuliza mwenye mwili, na nadhani hapo ndipo kazi yake inapoachana na ya mkandaji, na hata na ile ya fundi wa kuwarudisha watu vitani au shambani.

Shangazi bado hajui tibakazi ni nini. Kijana yule anamwita "mtu wa sotet," na akisema hivyo anajua kabisa anamzungumzia nani na alimfanyia nini.