Nyumba moja, mafundi watatu: nani atajibu?



Kila wakati wa jua, ulizo moja linarudi kwenye mikutano yetu. Mtu amerudi, amekuta kuta za zamani zingali zinasimama, anataka kutengeneza. Je, ampe antreprenere mmoja kazi yote, ao atafute mwenyewe fundi wa matofali, fundi wa mbao na fundi wa rangi?

Ulizo hili si la leo. Wazee wetu walishaona njia zote mbili.

Mwaka 1952 serikali ya Wabelgiji iliunda ofisi ya kujenga makartie ya Waafrika, ile watu waliita OCA. Ndiyo iliyojenga Bagira kule Bukavu, na Ruashi kule Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Ofisi ilichora plan, ikasimamia kazi, ikamkabidhi mtu nyumba iliyokwisha. Uzuri: mlango mmoja wa kupiga hodi. Ubaya: mwenye kukaa humo hakuulizwa sana anataka nini.

Katuba, mji uleule wa Elisabethville, walifuata njia ingine, iliyoitwa kwa jina la mtawala Grévisse. Huko mtu alikopeshwa, akasimamia mwenyewe ujenzi wa nyumba yake, utawala ukiangalia. Alijua kila tofali limeingia wapi. Lakini kichwa kilichouma kilikuwa chake.

Sisi wa pande za Fizi tumeelekea njia ya Katuba bila kuichagua. Tangu mwaka 2005, watu waliposhuka Baraka na mashua kutoka Kigoma, wengi walijenga pole pole: leo matofali, mwaka ujao manjanja, pesa ikipatikana simenti. Kwa mtu wa namna hiyo antreprenere ni ghali, maana anaweka faida yake juu ya kazi ya kila fundi.

Mimi pia nilikuwa nashauri hivyo: chukua mafundi mbalimbali, utaokoa pesa. Mpaka nilipofika kwa mama mmoja mjane. Fundi wa matofali alimaliza, akalipwa, akaenda. Fundi wa mbao akapandisha paa. Mvua ya kwanza, maji yakaingia pale ukuta unapokutana na manjanja. Wa mbao akasema ukuta haukuwa sawa. Wa matofali akasema mbao zimepindika. Kila mmoja alikuwa na haki kidogo, na mama alikuwa na maji ndani ya nyumba. Akalipa fundi wa tatu. Zile pesa nilizomwambia ataokoa zilikwisha hapo.

Tangu siku ile nilianza kusoma sheria. Dekreti ya tarehe 30 julai 1888 juu ya mapatano, ambayo ingali inatumika kwetu, ilichukua mawazo yake kwenye kanuni ya Napoleon ya 1804. Inasema antreprenere aliyejenga kwa bei ya jumla anajibu miaka 10 kama jengo linaanguka kwa ubaya wa kazi. Inasema tena kwamba fundi mwashi ao wa mbao akipatana nawe moja kwa moja kwa bei ya jumla, naye ni antreprenere kwa sehemu yake.

Angalieni neno hilo: sehemu yake. Ukuta una mwenyewe, paa ina mwenyewe. Pale vinapokutana, kama hakuna antreprenere, mwenyewe ni wewe.

Kwa hiyo nashauri hivi sasa. Kama unatengeneza kitu kimoja tu, sakafu ao milango, ita fundi wa kazi hiyo. Kama paa, kuta na maji vyote vinaguswa, ao wewe ungali Nyarugusu na nyumba iko Baraka, mpe mtu mmoja, hata akizidisha bei. Na kama pesa inakulazimisha kuwachukua mbalimbali, usimalize kulipa fundi wa matofali mbele fundi wa mbao hajapima ukuta. Waite wote wawili siku moja, wapime pamoja na kamba, waandike karatasi kwamba ukuta umepokelewa, na jirani mmoja atie sahihi.

Karatasi ile haina bei kubwa. Yule mama hakuwa nayo, kwa sababu mimi sikumwambia. Ninyi nimewaambia.